Savannah Classic: Kombe lililozaliwa Jumanne, likafa Ijumaa

IJUMAA, Machi 26, 2021. Katika uwanja wa gofu wa Karen Country Club jijini Nairobi, wanaume wawili walikuwa wamecheza mashimo 72 kwa siku nne na bado mshindi hakuwa amepatikana.

Daniel van Tonder wa Afrika Kusini alikuwa na jumla ya mikwaju 263. Jazz Janewattananond wa Thailand naye alikuwa na 263. Hesabu ilipigwa, ikapigwa tena, wakaambiwa warudi uwanjani wamalizane.

Shimo la kwanza la nyongeza, hakuna mshindi. La pili, ngoma bado droo. La tatu, Van Tonder akautia mpira shimoni kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango, na Jazz akashindwa kujibu. Kenya Savannah Classic ikawa imepata bingwa wake wa kwanza.

Kumbe alikuwa pia wa mwisho. Mashindano hayo ya European Tour, ziara kuu ya gofu ya kulipwa barani Ulaya, yalianza Jumanne, yakakamilika Ijumaa, na hayajaonekana tena hadi leo.

Na si hilo tu. Siku hiyo hiyo ambayo Van Tonder aliinua kombe, Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa na kuzifunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Michezo yote ikasimamishwa nchini. Kombe ambalo lilizaliwa kwa sababu ya janga la corona lilimalizika saa chache tu kabla ya janga hilo hilo kufunga milango.

MWAKA ULIOTANGULIA

Ili kuelewa Savannah Classic ilitoka wapi, inabidi kurudi nyuma mwaka mmoja.

Machi 2020, Kenya ilikuwa imejiandaa kwa Kenya Open. Haya ndiyo mashindano makongwe ya gofu ya kulipwa nchini, yaliyoanza 1967 katika uwanja wa Muthaiga, Mwingereza Guy Wolstenholme akiwa bingwa wa kwanza. Kwa miaka mingi yalikuwa sehemu ya ziara ya daraja la pili barani Ulaya, Challenge Tour. Mnamo 2019 yakapandishwa hadi European Tour, na Muitaliano Guido Migliozzi akatwaa taji uwanjani Karen.

Kwa lugha ya soka, hii ilikuwa sawa na klabu kupanda kutoka ligi ya pili hadi ligi kuu. Wachezaji bora, pesa nyingi zaidi, na kamera za televisheni zinazoonyesha Nairobi kwa dunia nzima.

Makala ya 2020 yalipangwa kuanza Alhamisi ya Machi 12 na kumalizika Jumapili ya Machi 15. Siku chache kabla ya hapo, serikali ilipiga marufuku mikutano ya kimataifa kutokana na tishio la corona, na mashindano yakaahirishwa. Kuna waliolalamika kwamba serikali imeharakisha. Lakini Ijumaa ya Machi 13, siku ambayo wanagofu wangekuwa wakicheza raundi ya pili, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisimama mbele ya wanahabari na kutangaza kisa cha kwanza cha ugonjwa huo nchini.

Kenya Open ya 2020 haikuchezwa kabisa. Mwaka mzima ulipita bila taji hilo kushindaniwa.

Ulaya nako hali haikuwa nzuri. European Tour ilisimama kwa miezi kadhaa, na iliporudi katikati ya 2020 ilibidi ibadili namna ya kufanya kazi. Badala ya wachezaji kuruka kila wiki kutoka nchi hadi nchi, mashindano yalianza kupangwa kwa makundi: nchi moja, wiki kadhaa mfululizo, wakati mwingine uwanja ule ule.

Sababu ni rahisi. Mchezaji akishapimwa na kuingia hotelini, kumhamisha ni gharama na ni hatari. Ukiwa tayari umefunga kamera na mitambo ya televisheni, umelipia hoteli na ndege zimeshatua, basi mchezeshe tena pale pale.

Cyprus ilifanya hivyo kati ya Oktoba na Novemba 2020. Uwanja mmoja wa Aphrodite Hills uliandaa mashindano mawili, moja baada ya jingine. Callum Shinkwin wa Uingereza alishinda la kwanza, Robert MacIntyre wa Scotland akashinda la pili. Ziara ilipokwisha, kila mtu alifunga virago.

INDIA YAFUNGA, KENYA YAFUNGUA

Mwanzoni mwa 2021 ratiba iliyumba tena. Hero Indian Open, ambayo ilikuwa imepangiwa wiki ya mwisho ya Machi mjini New Delhi, iliahirishwa kwa sababu ya corona. Pengo likabaki kwenye kalenda.

Kenya nayo ilikuwa imerudisha Kenya Open, iliyopangwa Machi 18 hadi 21 uwanjani Karen. Wachezaji wangekuwa Nairobi tayari. Wazo likaja: mbona wasibaki siku chache zaidi wakacheza tena?

Hivyo ndivyo Kenya Savannah Classic ilivyozaliwa. Uwanja ule ule wa Karen, wachezaji karibu wale wale, na zawadi ya jumla ya Euro 1 milioni, ambazo wakati huo zilikuwa karibu Sh130 milioni. Kenya Open nayo ilikuwa na kiasi hicho hicho. Kwa mara ya kwanza nchi iliandaa mashindano mawili ya European Tour ndani ya siku tisa.

Kitu kilichowashangaza wengi ni siku zenyewe. Gofu ya kulipwa kwa kawaida huanza Alhamisi na kumalizika Jumapili. Savannah Classic ilianza Jumanne na kukamilika Ijumaa. Kenya Open ikimalizika Jumapili, Jumatatu ilikuwa ya kupumzisha miguu, Jumanne asubuhi mpira unagongwa tena. Hakukuwa na nafasi ya kupoteza, kwani kila siku ya ziada hotelini ilikuwa gharama nyingine.

UWANJA BILA KELELE

Karen Country Club si uwanja mgeni kwa historia. Ulifunguliwa 1937 katika ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark. Ni uwanja wa pa 71, yaani mchezaji hodari anatarajiwa kuuzunguka wote, mashimo 18, kwa mikwaju 71. Anayetumia michache kuliko hiyo yuko "chini ya pa", na huko ndiko wakali wanakopimana.

Wanaoifuatilia Kenya Open wanajua ladha yake. Ni watu waliojipanga kando ya nyasi, watoto wakifukuzia mipira na saini, kelele za nyama choma na vinywaji upande wa mahema. Kwa Wakenya wengi, gofu yenyewe ni kisingizio tu cha kutoka nje wikendi.

Machi 2021 hakuna lolote kati ya hayo lililokuwepo. Mashabiki hawakuruhusiwa. Wachezaji na makedi wao walilazimika kupimwa kabla ya kuingia. Mtu aliyepiga mkwaju wa ajabu alipokelewa na ukimya, labda na makofi mawili matatu ya maafisa waliovaa barakoa.

Katika hali hiyo, Justin Harding wa Afrika Kusini alitwaa Kenya Open Jumapili ya Machi 21 akiwa mikwaju 21 chini ya pa, mbili mbele ya Mmarekani Kurt Kitayama. Jina la Kitayama si la kupuuzwa. Miaka miwili baadaye, Machi 2023, alishinda Arnold Palmer Invitational, moja ya mataji makubwa ya PGA Tour nchini Marekani.

Siku mbili baada ya Harding kupiga picha na kombe, uwanja ule ule ulikuwa umefunguliwa kwa vita vipya.

Alhamisi ya Machi 25, Savannah Classic ikiwa raundi ya tatu, macho ya Wakenya wengi hata hayakuwa Karen. Yalikuwa upande wa pili wa jiji, Kasarani, ambako Harambee Stars walikuwa wakiwakaribisha Misri ya Mohamed Salah katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Misri walifunga mapema mno, Abdalla Hassan akasawazisha kipindi cha pili, mambo yakaisha 1-1. Kwa kuwa Comoros walitoka sare na Togo siku hiyo hiyo na kufuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao, safari ya Stars ikafikia hapo.

Hivyo basi, Nairobi ilikuwa na Salah Kasarani na European Tour Karen katika wiki moja. Mwaka wowote mwingine tiketi zingegombaniwa. Mwaka huo, shabiki aliangalia kwenye televisheni au hakuangalia kabisa.

MUME, MKE NA BEGI MOJA

Van Tonder alifika Nairobi akiwa moto. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 30 mwezi huo huo. Tangu gofu irudi Afrika Kusini mnamo 2020 baada ya mapumziko ya corona, alikuwa amezoa mataji kadhaa ya Sunshine Tour, ziara ya nyumbani kwao. Lakini nje ya kusini mwa Afrika jina lake halikuwa kubwa.

Kitu kingine kilichomtofautisha ni mtu aliyembebea begi la fimbo. Wachezaji wengi wa kulipwa huajiri makedi wa kitaalamu, wanaume ambao kazi yao ni kusoma upepo, kupima umbali na kumtuliza bosi mambo yakienda mrama. Kedi wa Van Tonder ni mkewe, Abigail. Kila shimo, kila kilima, kila uamuzi wa fimbo gani itumike, walikuwa wawili.

Jazz naye hakuwa mtu wa kubeza. Mthailand huyo, ambaye jina la Jazz alipewa kwa sababu ya mapenzi ya babake kwa muziki wa aina hiyo, alikuwa amemaliza 2019 akiwa nambari moja katika orodha ya mapato ya Asian Tour baada ya kushinda mataji manne mwaka mmoja. Kabla ya hapo aliwahi kuweka fimbo kando kwa muda mfupi na kuwa mtawa wa Kibuddha. Wanaomjua wanasema si rahisi kumwona akipaniki.

Wote wawili walimaliza siku ya nne wakiwa mikwaju 21 chini ya pa, alama ile ile ambayo Harding alikuwa ameshinda nayo Kenya Open siku tano kabla.

Katika soka, timu zikitoka sare baada ya dakika 120 zinaenda kwenye penalti. Katika gofu ya European Tour, walio sare wanarudishwa kwenye shimo moja, wanacheza hadi mmoja aongoze. Ni kama penalti za baada ya zile tano za kwanza: ukiteleza mara moja mwenzako asipoteleza, unaenda nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa unatembea mamia ya mita ukiwaza kabla ya kupiga tena.

Waliurudia mara tatu. Mara ya tatu, Van Tonder hakukosea. Ushindi ule ulimpa kitu kikubwa kuliko hundi: taji lake la kwanza la European Tour na uhakika wa kucheza huko bila kuhangaikia nafasi. Kwa mchezaji wa kulipwa asiye na jina, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanga mwaka wako na kusubiri simu.

Waafrika Kusini wakawa wamezoa mataji yote mawili ya Nairobi. Na hawakuishia hapo. Ziara ilipohamia visiwa vya Canary mwezi uliofuata, ambako mashindano matatu yalichezwa mfululizo kwa mtindo ule ule, Garrick Higgo alishinda mawili na Dean Burmester moja. Wote ni Waafrika Kusini.

MILANGO YAFUNGWA

Tangazo la Rais lilikuwa kali. Hakuna kuingia wala kutoka kaunti zile tano. Kafyu ikasogezwa hadi saa mbili usiku. Baa zikafungwa. Ibada za ana kwa ana zikasimamishwa. Michezo yote ikasimamishwa, na vilabu vya burudani na vya wanachama pia vikatakiwa kufunga.

Kwa maneno mengine, Karen Country Club, ambayo siku hiyo ilikuwa imetoka kuandaa mashindano yenye zawadi ya Sh130 milioni, haikuruhusiwa tena hata mwanachama wake kuja kupiga mpira.

Ligi Kuu ya soka ikasimama. Wanariadha wakabaki makwao. Wachezaji wa European Tour, wao walikuwa wamemaliza shughuli yao. Lakini kuna kundi ambalo halikuwa na ndege ya kupanda.

Mbebaji begi katika klabu ya gofu nchini hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa raundi. Mchezaji akija, kedi anakula. Klabu ikifungwa, hakuna raundi, na hakuna raundi maana yake hakuna kitu mfukoni. Hali ni hiyo hiyo kwa wanagofu wengi wa kulipwa wa Kenya, ambao riziki yao hutokana na kufunza wanachama kuliko zawadi za mashindano. Kwao Savannah Classic ilikuwa wiki ya kuona pesa nyingi zikipita karibu, kisha zaidi ya mwezi mmoja bila kazi. Amri hiyo iliondolewa Mei 1.

Hapa ndipo swali gumu linapokuja: mashindano ya aina hii yanamwachia nini mwenyeji?

Jibu la kweli lina pande mbili. Kwa upande mmoja, Nairobi ilionyesha kwamba ina uwezo. New Delhi ilipofunga, European Tour iliiamini Karen kwa siku tisa, na kazi ikafanyika hadi mkwaju wa mwisho. Katika mwaka ambao nchi nyingi zilikuwa zikipoteza mashindano, Kenya iliongeza moja. Hilo si jambo dogo.

Kwa upande mwingine, kombe ambalo halina mashabiki wake, halina historia yake na halikuja kwa sababu ya mchezo wa hapa, linaondoka kama lilivyokuja. Savannah Classic ililetwa na pengo kwenye kalenda. Pengo lilipozibwa, haikuwa na sababu nyingine ya kubaki.

KINACHOBAKI

Mnamo 2022, European Tour ilikuwa imebadili jina na kuitwa DP World Tour, na dunia ilikuwa inafunguka. Kenya Open ilirudi Muthaiga, ambako Mchina Ashun Wu alitwaa taji. Baada yake wakafuata Mhispania Jorge Campillo 2023, Mholanzi Darius van Driel 2024 na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini 2025. Mashabiki wakarudi, nyama choma ikarudi, watoto wakarudi kufukuzia saini.

Ratiba ya Kenya ikawa na mashindano moja, kama zamani. Hakuna aliyetangaza kwa kishindo kwamba Savannah Classic imekufa. Haikupangwa tu.

Linganisha na Kenya Open yenyewe. Seve Ballesteros alishinda hapa 1978, na mwaka uliofuata akatwaa The Open kule Uingereza. Ian Woosnam alishinda hapa 1986 kabla ya kuvaa koti la kijani la Masters 1991. Trevor Immelman alishinda 2000, naye akafika Masters 2008. Mashindano hayo yameyumba, yameshuka daraja, yamekosa kuchezwa, lakini kila mara yamerudi kwa sababu kuna watu wa hapa wanaoyaona kuwa yao.

Na bado hayajawahi kushindwa na Mkenya. Aliyekaribia zaidi kukumbukwa ni Jacob Okello, ambaye 1998 alifika hadi kwenye mashimo ya nyongeza dhidi ya Ricardo González wa Argentina na kupoteza. Zaidi ya miaka 20 baadaye, wanagofu wa hapa bado wanamtaja.

Okello alipoteza na anakumbukwa. Van Tonder alishinda katika uwanja mtupu, na ukimuuliza Mkenya wa kawaida bingwa wa Savannah Classic ni nani, huenda akakuuliza hayo ni mashindano ya nini.

Lakini kwenye rekodi jina lake liko pale. Mashindano hayo yana bingwa mmoja tu, na kwa kuwa hayakuandaliwa tena, hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumvua taji. Kwa hesabu za vitabu, Daniel van Tonder bado ndiye bingwa mtetezi wa Nairobi.